Kitanda cha Mkamwana

Bi Kudra alifika kwenye kambi ya mkonge ya Makuyuni jua limeanza kuinama, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Alikuwa ametoka Kwedizinga kwa miguu, akalala njiani kwa watu asiowajua, akaendelea. Kichwani alibeba kikapu cha unga wa muhogo, na kwapani alimbana jogoo aliyefungwa miguu. Nyapara aliyesimama penye njia ya kuingilia kambini alimzuia.

"We bibi, soko liko Korogwe. Hapa hakuuzwi kuku."

"Siuzi, baba. Namtafuta mwanangu, Eliasi Mdoe. Anakata mkonge."

"Wakata mkonge wako mashambani. Kaa pale chini usubiri."

Pale chini palikuwa juani, karibu na lundo la mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakioza na kunuka. Bi Kudra akakaa. Eliasi aliporudi na wenzake, mikono imechanwa na miiba, alimkuta mama yake amejikunja na kanga kichwani, jogoo amelala pembeni ametoa ulimi. Nyapara alikuwa bado amesimama palepale. Eliasi alimtazama, akamwinua mama yake. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla, kazi ilitafutwa na wengi, na nyapara alikuwa na uwezo wa kumfukuza mtu kwa kumkazia macho tu.

"Mama, kwa nini hukutuma mtu aje kuniambia?"

"Niliyokuja nayo si ya kumtuma mtu."

Mkewe Eliasi, Dorkasi, alitoka chumbani mwao mbiombio kadiri tumbo lilivyomruhusu. Lilikuwa limeshakuwa kubwa. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama," akapokea kikapu. Kisha, kabla ya kuuliza habari za nyumbani, akapasha maji moto, akaleta karai, akamwosha mkwewe miguu. Bi Kudra alikataa kwanza. Baadaye akakubali, akatazama vidole vya yule binti vikipita katikati ya nyufa za nyayo zake.

Walipokwisha kula, alisema alichokuja kusema.

"Nimekuja kuomba. Nilizaa watoto watano, wanne niliwazika. Amebaki huyu. Mtoto wake wa kwanza nataka azaliwe nyumbani, nimpokee kwa mikono yangu. Wakikataa wakwe, sitakasirika. Nitarudi nilikotoka."

Eliasi aliinamisha kichwa. Yeye na mkewe walikwisha kupanga. Dorkasi alikuwa Msambaa wa Bungu, milimani, na mama yake, Yuditha, alikuwa akituma salamu kila mara kwamba nyika si mahali pa kuzalia, tumbo likikomaa binti apande juu.

"Mama," Eliasi alianza, "tulishakubaliana na wakwe kwamba…"

"Nitakwenda na wewe, mama," Dorkasi alisema.

Walipobaki wawili, Eliasi alimwuliza mkewe sababu.

"Umeiona miguu yake?" Dorkasi alijibu. "Mama yangu ana mabinti wengine, na wajukuu wamejaa uwanja mzima. Huyu ana nani?"

Nyumba ya Bi Kudra kule Kwedizinga ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi, na aliyeijenga alikuwa marehemu mumewe. Ndani, mbali na mlango, palikuwa na pembe isiyovuja wala kupigwa na upepo. Hapo ndipo Bi Kudra alipolala tangu alipoolewa, na hapo ndipo alipozalia watoto wake wote. Sasa aliutoa mkeka wake akauhamishia mlangoni, na penye ile pembe akaweka kitanda cha kamba. Alikuwa amekisuka upya mwenyewe, akashona magunia na kuyajaza sufi, akatandika kanga mbili ambazo hazijaguswa na maji.

"Mama, wewe utalala pale penye baridi?" Dorkasi aliuliza.

"Mimi ni mzee, sina joto la kupoteza. Lala wewe, mkamwana. Hapo ni pako."

Wakaishi vizuri. Mchana walikaa nje wakichambua mlenda, Bi Kudra akisema Kizigua na Dorkasi akimjibu kwa Kisambaa, na pale maneno yalipoachana walicheka wakarudi kwenye Kiswahili. Majirani walisimama njiani kumtazama yule mke wa milimani. Bi Kudra aliwaita waingie. Kwa miaka mingi alikuwa hana cha kumwonyesha mtu.

Asubuhi moja Dorkasi alimwonyesha mkono. Ulikuwa na madoadoa mekundu yaliyovimba.

"Kuna wadudu wananiuma nikilala, mama."

Bi Kudra alichukua kijiti, akachokoa ufa wa ukuta, akamtoa mdudu mmoja bapa, wa rangi ya kijivu, mkubwa kama punje ya mbarika.

"Ni papasi huyu. Papasi wa nyumbani hawana neno. Watakusumbua siku za mwanzo, kisha mwili utawazoea. Sisi sote tumekua nao."

Alisema alichokijua. Watu wazima wa pale waliumwa na papasi tangu utotoni na miili yao ikawazoea, hata wakawa hawaamki. Katika wanne aliowazika Bi Kudra, wawili walikufa kwa homa iliyowaacha ikawarudia. Lakini homa ilikuwa na majina mengi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mojawapo lilikuwa likiishi ukutani mwake. Alinyunyiza majivu kuzunguka miguu ya kitanda, akaweka majani ya tumbaku chini ya godoro ili mkamwana apate usingizi. Kitanda hakukihamisha. Angekihamishia wapi? Hapo ndipo palipokuwa pazuri kuliko pote alipokuwa napo.

Homa ilimwangukia Dorkasi akiwa anapepeta mahindi. Ungo ulimtoka mikononi. Alitetemeka mpaka meno yakagongana, kichwa kikamuuma asiweze kufumbua macho, akatapika kila alichopewa. Bi Kudra hakuondoka ubavuni pake. Alimkanda kwa maji, akamnywesha mizizi, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Mgonjwa alipoita "Mame! Mame!" akimwita Yuditha, Bi Kudra aliitika, "Niko hapa," kana kwamba ndiye aliyeitwa. Jirani yake, Simeo, aliyekuwa anakwenda Korogwe, akaombwa apitie Makuyuni.

Eliasi alipopata habari alimwendea nyapara, kofia mkononi.

"Mke wangu anaumwa, mzee."

"Wote mna wake wanaoumwa. Nenda, lakini kesho kutwa nisipokuona hapa na panga lako, jina lako nalifuta."

Eliasi aliondoka akikimbia na kutembea, njia nzima akijiandaa kukuta kilio. Alipoingia uwanjani alimkuta Dorkasi amekaa kwenye kigoda, amekonda usoni, anakula bada, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa kuku. Homa ilikuwa imemtoka siku iliyotangulia, kwa jasho lililolowesha kanga zote mbili.

"Umekuja kunizika?" Dorkasi alimwambia akicheka. "Umechelewa, bwana."

Eliasi alikaa chini palepale kwenye udongo. Bi Kudra alikuwa amemchinja yule kuku kwa furaha, akawapelekea majirani mchuzi, na sasa alizunguka uwanjani akiimba kwa sauti ya chini.

"Hata hivyo twende Korogwe," Eliasi alisema. "Hospitali wakuangalie."

Dorkasi alishika tumbo, akafikiri. "Nilipokuwa mgonjwa nililia nipelekwe. Leo sijioni mgonjwa. Nitawaambia nini?"

"Homa imetoka yote," Bi Kudra alisema. "Na lori la kwenda Korogwe, mwanangu, na mashimo yale ya njia! Litamtikisa azae barabarani. Akishajifungua, mpeleke popote."

Ilionekana ni busara. Eliasi alimtazama mkewe akilamba vidole, akamtazama mama yake, ambaye hakuwahi kumwona na furaha ya namna ile tangu baba yake afe. Akaiwaza ile kesho kutwa ya nyapara. Akakubali. Kulipokucha alimuaga mkewe, na Dorkasi akamsindikiza mpaka penye njia panda, anatembea polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Ukija tena utakuta tuko wawili," alimwambia.

Wiki moja baadaye homa ilirudi, na safari hii ilimkuta hana nguvu ya kupigana nayo. Macho yaligeuka manjano. Alisema maneno yasiyounganika, akawaita wadogo zake wamletee maji ya mtoni, yale baridi ya kwao. Bi Kudra alipoona hivyo alimtuma Simeo akimbie kumwita Eliasi. Kabla Eliasi hajafika, uchungu ulimshika Dorkasi, na siku zake zilikuwa bado.

Mtoto alikuwa wa kike. Alilia mara moja, kwa sauti nyembamba, Bi Kudra akampokea kwa mikono yake kama alivyoomba. Akamfuta, akampulizia puani, akamweka kifuani pake ndani ya kanga apate joto. Alikuwa bado amemkumbatia hivyo, akimwambia maneno ya kumkaribisha, wakati jirani mmoja alipomgusa begani akamwambia, "Kudra, mwenzangu, mtoto hapumui."

Eliasi aliingia mchana huo. Mama yake alimwonyesha kwa kidevu kifurushi kidogo kilicholala kwenye ungo, kisha akamwonyesha kitandani, ambako Dorkasi alikuwa bado anatoka damu.

Walifunga machela kwa miti na kamba, wanaume wakambeba Dorkasi mpaka barabara kuu. Bi Kudra alifuata nyuma akikimbia, amemshikia kichwa asipigwe na matawi. Wakakaa kando ya barabara mpaka lori la mahindi likatokea. Dereva alisimamisha, akachungulia, akataka kuondoka.

"Sibebi mgonjwa wa namna hii mimi. Akifia humu nitamwambia nini tajiri?"

Eliasi alishika mlango wa lori. "Kaka, nakuomba. Kaka yangu."

"Ondoa mkono wako."

Eliasi akapiga magoti barabarani, mbele ya wale wanaume wa kijijini kwake na mbele ya utingo aliyekuwa akitafuna muwa juu ya magunia. Dereva alitazama pembeni, akatema mate.

"Mpandisheni. Mgonjwa na mumewe tu, huyo bibi abaki. Na mtandike kitu, magunia ya watu hayo, yasije yakaingia damu."

Hawakuwa na cha kutandika, kwa maana kanga zote zilikuwa zimekwisha kulowa. Bi Kudra akafungua kanga aliyojitanda, akamrushia utingo. Akabaki na kaniki moja kuukuu, mabega wazi, mikono imefunika kifua, mbele ya wanaume ambao baadhi yao aliwapokea walipozaliwa. Wote waligeuza nyuso. Lori lilipoondoka alisimama hivyo mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi nyumbani kumzika mjukuu wake.

Kwenye hospitali ya Korogwe aliyempokea Dorkasi ni dresa, msaidizi wa daktari, aliyeitwa Petro. Alimtoboa kidole, akapaka damu kwenye kipande cha kioo, akaingia nacho chumba cha darubini. Alipotoka uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Mnakaa wapi?"

"Mimi kambini, Makuyuni. Yeye alikuwa kwa mama yangu, Kwedizinga."

"Nyumba ya udongo?"

"Ndiyo."

"Ina papasi?"

Eliasi hakuelewa swali. Ilikuwa kama kuulizwa kama nyumba ina vumbi. "Wapo. Kila nyumba wapo."

"Basi hii ni homa ya papasi. Mwenyeji aliyekua nao haimsumbui sana, mwili umeshaizoea. Mgeni inamwangusha, na mgeni mwenye mimba ndiyo kabisa. Ujanja wake ni kwamba inaondoka, mtu anasema nimepona, halafu inarudi. Kwa nini hamkumleta ile mara ya kwanza?"

Sauti ya dresa haikuwa ya ukali. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi walisikia, wakamtazama Eliasi. Kwenye kitanda nyuma yake Dorkasi alikuwa amefumbua macho.

Walimchoma sindano. Mwili ulitetemeka mpaka kitanda kikasogea, kisha ukatulia, na joto likashuka. Asubuhi alizungumza vizuri, sauti ndogo. Eliasi alidhani wamevuka.

"Mtoto alikuwa anafanana na nani?" Dorkasi aliuliza.

"Na wewe."

"Unadanganya. Hukumwangalia."

Eliasi akalia. Dorkasi alimwacha alie kwanza.

"Nilimsikia dresa," alisema. "Mama asijue."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu papasi. Alinipa mahali pake pa kulala, Eliasi. Yeye akalala mlangoni. Usimwambie. Niahidi."

"Utamwambia mwenyewe kwamba umepona."

"Niahidi."

Akaahidi. Lakini damu iliyokwisha kumtoka Dorkasi ilikuwa nyingi, na hapakuwa na ya kumrudishia. Alifariki mchana huohuo, jua likiwa kali, wagonjwa wengine wanapewa chakula. Joto halikuruhusu kusubiri watu wa Bungu washuke. Wakristo wa Kwamndolwa, jirani na Korogwe, walichimba kaburi, mmoja wao akasoma sala, na Eliasi akamzika mkewe katikati ya watu ambao hawakumjua.

Wakati wa kuondoka dresa Petro alimfuata hadi nje.

"Ndugu, pole. Lakini nyumba ile asilale mgeni, sikia. Nitampelekea habari bwana afya, ila yuko mmoja kwa wilaya yote na mvua zinakuja. Wewe ndiye utakayewaambia watu wako."

Kwedizinga, Eliasi hakuwaambia. Alifika, akamwambia mama yake kwamba Dorkasi hayupo tena, akamwacha alie. Yeye akalala nje chini ya ghala la mahindi, akisema ndani anakosa hewa. Bi Kudra alimwuliza siku ya pili.

"Hospitali walisema ni nini?"

"Homa, mama."

"Homa gani?"

"Homa tu. Na damu."

Bi Kudra aliinuka. Akaenda kuokota kuni.

Siku ya tatu, jioni, wakwe walifika. Baba yake Dorkasi, Mzee Yordani, alikuwa mzee wa kanisa, amevaa koti jeusi lililojaa vumbi la lori. Yuditha alikuja nyuma yake, mwanamke mrefu, macho makavu. Walikuwa wamepita Kwamndolwa kuliona kaburi la binti yao, na sasa walitaka kuliona la mjukuu. Watu walishikana mikono, wakalia, wakaketi. Yuditha aliketi mbali kidogo na Bi Kudra.

Giza lilipokaribia, Eliasi alimwona mama yake akiingia na kutoka ndani. Alikuwa amefagia, amekaza kamba za kitanda, ameosha magunia ya sufi na kuyaanika. Akaazima shuka kwa Simeo. Sasa alikuwa anaitandika.

"Mama, unafanya nini?"

"Wakwe watalala hapa, alipolala binti yao. Sina pengine penye heshima."

"Wasilale humu."

"Walale wapi?"

"Nje. Uwanjani. Nitawasha moto mkubwa."

Bi Kudra aliinuka, shuka mkononi. "Nje? Wazazi wa mkamwana wangu, walioniletea binti yao akaugulia mikononi mwangu, niwalaze nje kama mbuzi? Umerukwa na akili?"

"Mama, nakusihi, punguza sauti."

"Sipunguzi! Nyumba yangu ina nini?"

Uwanjani watu waligeuza nyuso mlangoni. Mzee Yordani alikohoa, akasema kwa upole kutoka alipokaa, "Mkwe, msigombane kwa ajili yetu. Hata mkekani tutalala." Akainuka, akamshika mkono mkewe, wakaanza kuja mlangoni.

Eliasi aliwaona wakija. Alisimama katikati ya mlango, akainyoosha mikono akaishika miimo yote miwili.

"Ina papasi," alisema. "Papasi ndio waliompa homa Dorkasi. Dresa aliiona kwenye damu yake. Sisi wanatuuma hatufi, mgeni anakufa. Aliniomba nisiseme. Nilimwahidi sitasema."

Bi Kudra aliiweka shuka kitandani polepole. Akageuka ukutani, akaingiza kucha kwenye ufa ulio juu ya mto, akachokoa, akatoka na mdudu kwenye kiganja.

"Hawa?"

"Hao, mama."

"Hawa niliowakuta siku niliyoolewa?"

"Ndio hao."

Akambana kwa kidole gumba. Damu nyeusi ikatoka, ikapaka kiganja. Aliitazama.

"Na mwanangu Rehani?" aliuliza. "Na mdogo wake? Homa yao nayo ilikwenda ikarudi."

"Sijui, mama."

"Nao nilikuwa nawalaza hapa."

"Sijui, mama. Mimi sijui."

Alimpita mwanawe pale mlangoni, kwapani mwake, akatoka mpaka mbele ya Yuditha. Akapiga magoti.

"Mama Dorkasi, mimi ndiye niliyemlaza hapo. Kwa mikono yangu mimi. Alinionyesha alivyoumwa, nikamwambia atazoea."

Yuditha alimtazama pale chini.

"Nilimwambia apande," alisema. "Kila aliyeshuka Korogwe nilimpa salamu, mwambieni apande."

"Mimi ndiye niliyemzuia."

"Najua hukukusudia. Akili yangu inajua. Lakini usiniguse, mwenzangu. Nakuomba usiniguse."

Wakalala uwanjani wote, wakwe upande mmoja wa moto, Bi Kudra upande wa pili, na Eliasi katikati akichochea kuni.

Asubuhi Mzee Yordani aliomba sala fupi penye kaburi dogo nyuma ya nyumba. Aliuliza mtoto aliitwa nani. Eliasi hakujua, Bi Kudra naye hakujua, kwa hiyo mzee akamwita "huyu mtoto wetu" mpaka mwisho wa sala. Kisha wakaondoka. Yuditha alisema "Bakini salama" akitazama njia, na Bi Kudra, ambaye mila ilimtaka awasindikize, alibaki amesimama mwisho wa uwanja kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa.

Eliasi na Simeo waliibomoa nyumba siku hiyo. Watu walikuja kutazama. Wengine walisema huzuni imemzidi kijana, kwani nani aliwahi kufa kwa papasi? Wengine walitaka ile miti, kwa kuwa ilikuwa mizuri, haijaliwa na mchwa. Bi Kudra aliikalia.

"Hamchukui hata mmoja," aliwaambia.

"Lakini Kudra, nguzo kama hizi…"

"Nimesema hamchukui!"

Aliikalia mpaka Eliasi akaiwasha, kitanda kikiwa juu ya miti hiyo, kisha yeye akasimama karibu na moto kuliko mtu yeyote. Bwana afya alikuja baada ya mvua. Alikuta majivu yamekwisha kuota magugu, akaambiwa habari, akazunguka nyumba chache akiwaambia watu wazibe nyufa na wakande sakafu, akaenda zake. Wachache waliziba. Wengi walisema wataziba kiangazi.

Nyapara alikuwa amelifuta jina la Eliasi. Alianza upya kama manamba mpya, akapewa chumba kingine kambini, chenye sakafu ya saruji, akamchukua mama yake wakaishi humo. Hakuoa tena. Bi Kudra alimpikia, akamfulia, na mchana alikaa mlangoni akisuka ukili. Wake wa wakata mkonge walimpenda, ingawa walimwona mdadisi. Kila aliyefika mgeni na tumbo alimwuliza, "Utazalia wapi, mwanangu? Huko kuta zake zikoje?" Akijibiwa ovyo aliuliza tena. Akiambiwa ni nyumba ya udongo hakumwacha mtu huyo apumzike mpaka akubali kubaki.

Mmoja wao, Grasiana, mke wa manamba aliyetoka mbali kusini, alikubali. Akajifungua salama palepale kambini, mtoto wa kiume, na siku alipotoka nje alimleta moja kwa moja mpaka kwa Bi Kudra.

"Bibi, huyu wako. Nisingekusikiliza ningezalia njiani. Mshike."

Bi Kudra aliacha ukili. Akakunja mikono yote miwili, akaificha ndani ya kanga.

"Mimi hapana, mwanangu."

"Mshike kidogo tu, bibi. Hana uzito."

"Mshike wewe. Wewe ndiye mama yake."

Grasiana alidhani bibi anaogopa kumchafua mtoto. Akacheka, akachuchumaa mbele yake, akafunua uso wa mtoto. Bi Kudra akainama, mikono bado iko ndani ya kanga, akamtazama akipumua.

"Anapumua vizuri," alisema.

"Anapumua, bibi."

"Basi mpeleke ndani. Jua kali."